Mtoto anaandika "mama", mashine inatoa "kaka": vitengo vya elimu maalum na ruzuku ya 6,000

Mwalimu wa Kitengo (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania. Mkoa naomba niuhifadhi, barua za kujieleza nimeshazichoka. Shule ina wanafunzi 1,140 na ndani yake kuna kitengo cha elimu maalum chenye watoto 17. Wasioona ni 4, wenye uoni hafifu 5 (watatu kati yao wana ualbino), waliobaki wana ulemavu wa akili na usonji. Walimu wenye taaluma hiyo tupo wawili, na mwenzangu anakaribia kustaafu.

Tuna mashine mbili za Perkins za kuandikia nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole. Moja ilishakufa, tunaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nyingine, kitufe cha nukta ya 4 kimegoma tangu Februari. Kwa asiyejua: kila herufi inatokana na nukta 6, ya 1, 2 na 3 zipo kushoto, ya 4, 5 na 6 kulia. M ni nukta 1, 3 na 4. Ukiinyang'anya ile ya 4 inabaki 1 na 3, ambayo ni K. Kwa hiyo mtoto wangu wa darasa la pili anaandika "mama", anapitisha kidole, anasoma "kaka". Siku ya kwanza darasa zima lilicheka. Sasa hivi hacheki mtu, wanasahihisha kichwani. Juzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani K ya kweli nayo ipo?" Nikakosa jibu la haraka.

Sasa twende kwenye hesabu ndiyo mnielewe kwa nini nimefungua uzi.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kwa Waraka Na. 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Shuleni inashuka 6,000, na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo elfu kumi yenyewe haikuzaliwa 2016. Ilikuja na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, enzi hizo ikiwa karibu dola 10. Leo ni kama dola 4. Lakini tuache dola.

Watoto wangu 17 mara 6,000 ni 102,000 kwa mwaka. Kwa mwezi 8,500. Mashine mpya ya Perkins huko inakotengenezwa haipungui dola 700, tuseme 1,750,000 kabla ya usafiri. Ili kitengo kinunue mashine moja kwa ruzuku yake, kiweke kila shilingi kwa miaka 17 na ushee bila kununua hata chaki. Na hiyo pesa wala haiji kitengoni, inaingia akaunti ya shule ikiwa imeshagawanywa mafungu: ukarabati, utawala, mitihani, michezo. Fungu la kitengo halipo.

Mkuu wangu wa shule si mtu mbaya. Nikienda ofisini ananionyesha choo cha wasichana kilivyotitia, ananiuliza, "Mwalimu, wewe ungekuwa mimi ungeanza na kipi?"

Swali langu kwa wadau: shuleni kwenu fedha ya kitengo inatoka wapi? Sitaki "serikali iangalie". Nataka njia ambayo mtu ameshaipita.

Mti Mkavu

Naweka kambi hapa.

Kalamu Butu

Pole sana mwalimu. Ila tuseme ukweli. Huku mjini kuna darasa la kwanza watoto 200 na ushee chumba kimoja, wanakaa sakafuni, mwalimu mmoja. Wewe unalilia mashine ya karibu milioni mbili kwa watoto wanne. Hiyo pesa madawati mangapi? Si kwamba siwapendi walemavu, ila rasilimali ni chache, lazima tuanze na wengi.

Mama Ayubu

Kalamu Butu, hao "wengi" unaowaanza kila mwaka mbona hawaishi?

Mwanangu ana usonji, miaka 9. Shule iliyo nyuma ya nyumba yetu walimpokea wiki mbili, wakaniita wakaniambia kwa upole kabisa hapa hatumuwezi, mpeleke penye kitengo. Penye kitengo ni bodaboda 2,000 kwenda, 2,000 kurudi. Daladala hawezi, kelele zinamvuruga, na konda mmoja alishatushusha njiani. Siku 20 za masomo ni 80,000 kwa mwezi. Nimeisoma hesabu ya mwalimu nikacheka peke yangu: nauli yangu ya siku mbili inaishinda ruzuku ya mwanangu ya mwaka mzima.

Halafu nikifika siondoki. Hakuna msaidizi, mwalimu mmoja ana watoto kumi na mbili, kuna anayekimbilia barabarani, kuna anayehitaji kubadilishwa nguo. Kwa hiyo tunakaa akina mama watatu chini ya mwarobaini mpaka saa sita. Nilikuwa nauza vitumbua asubuhi, biashara imekufa. Hiyo nayo ni pesa imeingia kwenye elimu maalum, ila hakuna anayeiandika.

Kalamu Butu

Dada yangu sikumaanisha vibaya, nisamehe. Lakini swali la mkuu wa shule wa mwalimu bado lipo. Choo au mashine?

Mwalimu wa Kitengo

Swali hilo limetegwa, mkuu. Choo cha wasichana kinatumiwa na wasichana wangu pia, na ndiyo wanaoanza kuanguka kikititia maana hawaoni lilipo shimo. Tatizo ni kutufanya tugombee fungu moja. Mtoto anayeona anahitaji daftari la mia tano na kalamu. Asiyeona anahitaji karatasi nzito, na ukurasa mmoja wa kitabu chenu ukiugeuza nukta nundu unakuwa kurasa mbili hadi tatu. Hesabu inayowapa wote wawili 6,000 inaonekana ya haki mpaka uingie darasani.

Mhasibu wa Zamani

Nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nisaidie kidogo, maana naona watu wanachanganya mambo.

Kwanza, pesa ya elimu maalum ipo kwa sura tatu. Kuna vifaa ambavyo wizara inanunua kwa pamoja na kuvigawa: mashine, shimesikio (kifaa cha kumsaidia asiyesikia vizuri), vitabu vya maandishi makubwa na vya nukta nundu. Kuna chakula cha shule maalum na vitengo vya bweni, kinachotoka Hazina. Na kuna majengo, ambayo siku hizi yanakuja na miradi mikubwa. BOOST, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, baadhi ya shule umewajengea madarasa ya elimu maalum mazuri kabisa, yenye njia za viti mwendo na vyoo vyake.

Mmeona kinachokosekana? Cha kununua kipo, cha kujenga kipo, cha kutunza hakipo. Mashine inafika na gari la wizara, inapigwa picha, inasainiwa kwenye leja. Ikiharibika mwaka wa tatu hakuna kifungu. Shimesikio linafika, betri yake inadumu wiki moja au mbili, betri haimo. Niliwahi kwenda kukagua mali shule moja nikakuta mashimesikio kwenye droo, mapya, kwenye maboksi yake. Nikauliza kwa nini watoto hawavai. Mwalimu akanijibu, "Yamelala, mzee. Yanasubiri betri." Kwenye ripoti yangu niliandika "vifaa vipo na viko katika hali nzuri". Sikudanganya, lakini mpaka leo ile sentensi hainipi raha.

Pili, halmashauri zetu nyingi zinaishi kwa fedha ya kutoka juu, makusanyo ya ndani ni kiduchu. Afisa elimu maalum anaomba milioni 12, ukomo wa bajeti ukishuka inabaki milioni 2, na mwisho wa mwaka imetoka laki nne, ya mafuta ya gari la kwenda kuhesabu watoto. Nimesaini hizo hati mwenyewe.

Bahati Nasibu

Si kuna ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu kwenye mapato ya halmashauri? Mwalimu nenda kachukue hiyo.

Mhasibu wa Zamani

Hapana, hiyo ndiyo niliyosema watu wanachanganya. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na ni MKOPO wa biashara, unarejeshwa. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Kitengo cha shule hakikopi. Labda wazazi wa watoto, wale wenye ulemavu wenyewe, waunde kikundi, ila hilo ni jambo lingine.

Nukta Sita

Naandika kwa simu yenye sauti, makosa ya herufi mnivumilie.

Mimi sioni tangu nina miaka minne, surua. Nimesoma shule ya bweni ya wasioona, sitaitaja. Historia kidogo kwa wasiojua: shule hizi nyingi hazikuanzishwa na serikali. Buigiri pale Dodoma ilianzishwa na Waanglikana 1950. Ya viziwi Tabora ni Wakatoliki, 1963. Ada ilikuwepo lakini nyuma yake kulikuwa na mtu Ulaya anatuma pauni. Serikali ilipochukua jukumu, mazoea yalibaki yaleyale: yupo mtu mahali atatuma. Mpaka leo mkuu wa shule maalum anaandika barua za kuomba kuliko maandalio ya masomo. Nawajua.

Na misaada yenyewe, jamani. Tulikuwa tunajua msimu wake. Mwezi wa kumi na mbili, Ramadhani, na siku ya albino ile Juni 13. Wanakuja na juisi, biskuti, sabuni, mchele kilo hamsini, wanaimba na sisi, wanapiga picha. Mwaka mmoja shule ilipewa televisheni tatu. Tatu! Shule ya wasioona. Hatukukataa, tulisikiliza mpira. Lakini karatasi za nukta nundu zilikuwa zimeisha tangu Agosti, tukawa tunaandikia kalenda za zamani maana karatasi yake ni ngumu.

Nilijifunzia sleti na stailasi, yaani kibao cha vitundu na sindano ya kutobolea karatasi, ambapo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi ndiyo unasoma. Mashine tuligawana watoto wanne moja. Baraza la Mitihani linatuongezea muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa mengine. Nashukuru. Lakini kama miaka saba umeshika mashine robo ya kipindi, zile dakika za mwisho unazitumia kutafuta vitufe.

Mwalimu, kitufe cha 4 kikigoma mara nyingi si kufa, ni kutu au mabaki ya karatasi kwenye fimbo yake ya ndani. Usimwagie mafuta ya cherehani, yanashika vumbi, nitakuambia inbox. Na ninayo mashine moja ya zamani, nzito kama tofali, siitumii siku hizi nina kompyuta. Tuongee.

Mti Mkavu

Televisheni tatu 😂😂 Mungu tusamehe.

Mpwa wa Kisumu

Majirani, salamu kutoka Kenya. Msidhani huku tumefika. Kwenye karatasi tuko vizuri kiasi: mwanafunzi wa msingi anatengewa shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum anaongezewa 2,300. Kwa hivyo angalau serikali imekubali kwamba mtoto huyu gharama yake ni tofauti. Hilo sharti niwape.

Lakini pesa huja kwa vipande, muhula unaanza haijaingia, mwalimu mkuu anakopa unga kwa muuza duka. Halafu kupata ile nyongeza mtoto lazima awe amepimwa na kusajiliwa. Vituo vya kupima, vile vya EARC vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Wadenmaki, viko kwenye kila kaunti, ila mzazi wa kijijini anapanda matatu mbili kufika, anakuta afisa yuko mkutanoni. Mtoto asiyepimwa hayupo. Shuleni kwetu tuna watoto ambao kila mtu anajua hawasikii vizuri, ila kwa mfumo, wote wako sawa.

Mwalimu wa Kitengo

Mpwa, hiyo ya kupimwa umenigusa. Hata hapa watoto 17 ni wale tu walioandikishwa kitengoni. Kwenye madarasa mengine naona wengine si chini ya ishirini: anayekodoa macho ubaoni, anayejibu swali ambalo hukuuliza. Siwapimi kwa sababu sina vifaa, na, niseme tu, kwa sababu nikiwapima watahamia kwangu na chumba ni kimoja.

Diaspora wa Ohio

Mimi nipo Marekani mwaka wa kumi na moja, mwanangu ana mahitaji maalum na anasoma shule ya umma. Nimeona mtu atakuja kusema "wenzetu wameendelea", nimwahi.

Huduma ni nzuri, sitaficha. Ana mpango wake ulioandikwa, tunakaa mezani kila mwaka walimu na sisi tunausaini, na ni sheria, wasipotekeleza unawashitaki. Basi linamfuata mlangoni. Mama Ayubu, nilipokusoma niliona aibu kulalamika.

Lakini pesa yake ina kisa. Sheria ilipitishwa 1975, na serikali kuu ikaahidi kulipa hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada, ikipigiwa hesabu kwa wastani wa matumizi ya mwanafunzi nchini. Haijawahi kufika hapo hata mwaka mmoja. Siku hizi ni chini ya asilimia 15. Zilizobaki ni za jimbo na wilaya ya shule, na wilaya inategemea sana kodi za nyumba. Mtaa wenye nyumba za thamani mtoto anapata mtaalamu wa kumsaidia kuongea mara tatu kwa wiki, ukivuka barabara mara moja. Kwenye vikao vya bodi nimewasikia wazazi wanasema maneno ya Kalamu Butu, kwa Kiingereza cha adabu: watoto wetu wa kawaida wanapunjwa kwa ajili ya wale. Tofauti ni kwamba pale mwenyekiti anawajibu, "Hili si la kupigia kura, ni sheria."

Kalamu Butu

Hapo kwenye sheria. Sisi si tunayo?

Mhasibu wa Zamani

Tunayo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Na mkakati wa elimu jumuishi uliandikwa, ule wa 2021/22 hadi 2025/26, tena vizuri sana. Sheria inasema mtoto ana haki. Haisemi fungu gani lipungue ili hiyo haki ilipiwe. Afisa mipango anapokaa na ukomo wa bajeti, kinachomlazimisha ni mishahara, madeni na maagizo ya viongozi. Haki haina namba ya kifungu.

Sasa mwalimu, uliomba njia ambayo mtu ameipita. Halmashauri moja niliyofanya kazi, shule ilifanya hivi. Walimu wa kitengo waliingia kwenye kikao cha kamati ya shule, wakataka mpango wa mwaka uandike mstari unaojitegemea: "matengenezo na vifaa vya kitengo". Ulikuwa mdogo, 20,000 kwa mwezi. Ukishakuwa kwenye mpango unaingia kwenye FFARS, ule mfumo wa hesabu za fedha za shule, kama mstari wako, na mwaka unaofuata hauombi upya, unalinda. Ni kweli hiyo 20,000 inatoka kwa watoto wote, lakini hakuna waraka unaosema kitengo kisile ruzuku ya shule, ni mazoea tu. Pili, orodha ya uharibifu ipeleke kwa maandishi kwa afisa elimu maalum KABLA ya Novemba, wakati bajeti zinaandaliwa. Ukipeleka Machi umechelewa, Baraza limeshapitisha. Tatu, mwambie diwani ahesabu mashine ngapi za wilaya nzima ni mbovu. Mashine moja haiiti fundi, kumi zinamwita.

Mama Ayubu

Na msaidizi wa darasa? Huyo anaandikwa mstari gani?

Mhasibu wa Zamani

Mama, hapo sina jibu la kukupa. Kwenye ikama, ile orodha ya watumishi wanaoruhusiwa, kada hiyo sikuwahi kuiona shule ya msingi ya kutwa. Walioajiriwa niliwaona ni wa michango ya wazazi, na nyie ndiyo hao mnaotoa nauli ya 80,000.

Mama Ayubu

Sawa. Angalau umesema.

Mwalimu wa Kitengo (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Kamati ilikaa Ijumaa. Nilikwenda na mashine yenyewe, nikaiweka mezani, nikamwomba mwenyekiti, mzee wa watu asiyejua hata nukta nundu ni nini, aniambie neno lolote. Akasema jina la mke wake, Mwanaidi. Nikamwita mtoto wa darasa la nne akaliandika, akalisoma kwa kidole kama lilivyotoka. M ikawa K, N ikawa O, D ikawa E, na I ikabaki nukta moja ambayo si herufi yoyote ya alfabeti. Mzee akauliza, "Kwa hiyo huyu binti mitihani anaandika hivi?" Kimya.

Wamepitisha 15,000 kwa mwezi. Mkuu wa shule ameomba ianze Januari, choo kwanza. Nimekubali, nimesaini muhtasari, nakala ninayo.

Orodha nimepeleka kwa afisa. Ameniambia kwa simu kwamba wilaya nzima zina matatizo mashine 9 kati ya 14. Mhasibu, bado moja zifike kumi.

Nukta Sita, mzigo wako umefika salama kwa basi la jana. Konda alidhani ni cherehani, akanitoza ya cherehani. Imefanya kazi vizuri ila kengele ya mwisho wa mstari hailii. Ile yetu yenye kitufe kibovu nimeifungua kama ulivyonielekeza, kuna vipande vya kalenda ndani. Sasa kuna skrubu ndogo mbili pembeni ya fimbo ya nukta ya 4, natoa zote au ya juu tu?

Nukta Sita

Ya juu tu. Ya chini usiiguse, ukiilegeza na nukta ya 1 inahama. Nipigie kesho saa kumi, nitakuelekeza ukiwa umeishika.